Mchana, usiku na majira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwendo wa dunia

Vitabu vingi vya shule vinaeleza majira kwa michoro minne ya mti: wenye theluji, wenye maua, wenye majani mabichi na uliopukutika. Mtoto wa Tanga au Kisii anakariri majira manne asiyoyaona, na mvua ya masika inayomlowesha akirudi nyumbani haimo kwenye mchoro. Majibu yaliyo hapa chini yanaanzia tulipo sisi, karibu na ikweta, maana mwendo uleule wa dunia unaoipa London baridi ndio unaoipa Tanga masika.

Jua ndilo linalotuzunguka, au ni sisi tunaozunguka?

Ni sisi. Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake, yaani mstari wa kufikirika unaopita katikati yake kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ncha ya Kusini. Inajizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, ndiyo maana jua linaonekana kuchomoza mashariki. Upande uliolielekea jua una mchana, upande uliolipa kisogo una usiku. Hakuna ubaya kusema jua limechomoza au limekuchwa, kwa kuwa ndivyo macho yanavyoona, ila kinachotembea ni ardhi tuliyoikanyaga.

Jambo hili lilionyeshwa hadharani Paris mwaka 1851. Mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault alining'iniza tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya jengo la Panthéon, akaliachia libembee. Saa zilivyozidi kwenda, mstari wa kubembea kwake uligeuka kidogo kidogo juu ya sakafu, na hakuna aliyeligusa. Sakafu ndiyo iliyokuwa ikigeuka, pamoja na jengo na jiji zima. Paris mstari huo huchukua saa 32 hivi kukamilisha duara. Kwenye ncha za dunia huchukua siku moja. Kwenye ikweta haugeuki kabisa. Kwa hiyo mwalimu wa Nanyuki au Mbandaka, miji iliyo kwenye ikweta, asijisumbue kulirudia jaribio hili.

Dunia inakwenda kasi gani, na mbona hatuhisi chochote?

Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, na dunia inaumaliza ndani ya siku moja. Ukipiga hesabu, mtu aliyesimama kwenye ikweta anapelekwa mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa. Aliyeko London anakwenda kilomita 1,040 hivi. Aliyesimama kwenye ncha yenyewe anageuka papo hapo tu. Na wakati huohuo dunia nzima inalizunguka jua kwa mwendo wa kilomita zipatazo 30 kila sekunde.

Hatuhisi kwa sababu mwendo huo hauna mshtuko. Ndani ya treni inayokwenda sawasawa, chai iliyo mezani haimwagiki. Mtu hushtuka pale treni inapofunga breki au kukata kona kali. Dunia haifungi breki, nayo hewa, bahari, nyumba na ndege waliomo angani vyote vinakwenda pamoja nayo.

Kasi hii ya ikweta ina faida, na Waswahili wa Malindi wameiona kwa macho. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi baharini, karibu na mji huo, kwa sababu roketi ikirushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa na mzunguko wa dunia, hivyo inahitaji mafuta machache. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka anga za mbali. Ilipewa jina Uhuru, na wanafalaki ulimwenguni wanaitaja kwa jina hilo mpaka leo.

Siku ni saa 24 kamili?

Dunia inajizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Lakini wakati inajizungusha, inakuwa pia imesogea kwenye njia yake ya kulizunguka jua, kwa hiyo inabidi igeuke kidogo zaidi ndipo jua lirudi mahali pale liliposimama jana. Kidogo hicho ni kama dakika nne, na ndizo zinazotimiza saa 24.

Nyota ndizo zinazoifichua tofauti hiyo. Kila siku nyota ileile huchomoza dakika nne mapema kuliko jana. Ndani ya mwezi hizo ni saa mbili, ndani ya mwaka ni mzunguko mzima. Wakulima wetu walilijua hili zamani kwa kukitazama kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana. Mwishoni mwa Aprili kilimia hupotea upande wa magharibi baada ya jua kuzama, mvua zikiwa bado zinanyesha; mwezi Juni huonekana tena upande wa mashariki alfajiri, wakati kumeshakauka. Wahenga waliyaweka hayo kwenye methali: kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Hiyo ni kalenda iliyosomwa moja kwa moja kutoka kwenye mwendo wa dunia kulizunguka jua.

Mbona Kigoma jua linazama nimeshamaliza chakula cha jioni huku Dar es Salaam?

Kwa sababu Kigoma iko magharibi zaidi. Dunia inageuka nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kwa dakika nne. Dar es Salaam na Kigoma zinatofautiana karibu nyuzi 10 za longitudo, kwa hiyo jua linafika Kigoma dakika 40 hivi baadaye, ingawa saa za ukutani zinasoma sawa nchi nzima. Mwezi wa Ramadhani jambo hili si la nadharia: adhana ya magharibi ikisikika redioni kutoka Dar, aliyefunga Kigoma bado ana dakika hizo za kusubiri, na haruhusiwi kufuturu kwa saa ya Dar.

Nchi hupanga saa zake kwa ajili ya urahisi wa shughuli. Tanzania, Kenya na Uganda wanatumia saa ileile. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, unarudisha saa nyuma kwa saa moja, ingawa jua halikuruka popote. Burundi, Goma, Bukavu na Lubumbashi wako pamoja na Rwanda. Kinshasa iko nyuma saa moja zaidi. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja.

Majira yanasababishwa na nini hasa? Si dunia kulikaribia jua na kuliacha?

Hapana, na ningependa kosa hili lifutwe kwenye daftari zote. Ni kweli kwamba njia ya dunia si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tuko umbali wa kilomita milioni 147 hivi kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai ni milioni 152 hivi. Sasa angalia: Januari, tukiwa karibu zaidi na jua, ndipo Ulaya na Amerika Kaskazini wanatetemeka kwa baridi. Kama umbali ungekuwa ndiyo sababu, dunia nzima ingepata joto kwa pamoja na baridi kwa pamoja.

Sababu ni mwinamo. Mhimili wa dunia haukusimama wima kwenye njia yake. Umeinama kwa nyuzi 23.4, na unaelekea upande uleule mwaka mzima, dunia ikiwa popote kwenye mzunguko wake. Mwezi Juni kizio cha kaskazini, yaani nusu ya dunia iliyo kaskazini mwa ikweta, kimeinama kulielekea jua. Huko jua linapanda juu zaidi na mchana unarefuka. Mwezi Desemba zamu ni ya kizio cha kusini. Machi 20 na Septemba 22 au 23, hakuna kizio kilichoinama kulielekea jua, nalo linakuwa juu ya ikweta.

Jua likiwa juu, mwanga wake unatua kwenye eneo dogo na kulichoma. Likiwa chini, mwanga uleule unatawanyika kwenye eneo kubwa. Ndiyo maana jua la saa sita linaunguza na la saa kumi na moja jioni unaweza kuliota.

Lini jua linakuwa utosini kabisa?

Watu wengi hujibu "kila siku saa sita mchana", na si kweli. Kati ya Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni, yaani mistari ya nyuzi 23.4 kaskazini na kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, na tarehe hutegemea latitudo yako. Nairobi ni tarehe 17 Machi na 26 Septemba hivi. Mombasa ni karibu tarehe 10 Machi na 3 Oktoba. Dar es Salaam ni tarehe 4 Machi na 10 Oktoba hivi. Mbeya, iliyo kusini zaidi, ni mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Muscat iko karibu mno na Tropiki ya Kansa, kwa hiyo jua huko linakaribia utosi mara moja tu, karibu na tarehe 21 Juni.

Hili unaweza kulithibitisha kwa kijiti. Kichomeke wima uwanjani, urefu wa mita moja, uhakikishe kimenyooka kwa kamba yenye jiwe. Ukiwa Dar es Salaam, tarehe 10 Oktoba mnamo saa sita na dakika kumi, kivuli kinaishia miguuni mwa kijiti. Tarehe 21 Juni, saa sita na dakika 25 hivi, utapata kivuli cha sentimita 58 kinachoelekea kusini, kwa kuwa jua liko kaskazini yako. Tarehe 21 Desemba kivuli ni sentimita 30 hivi na kimegeukia kaskazini. Mwanafunzi aliyepima vivuli hivyo vitatu hahitaji tena kuaminishwa mwinamo wa dunia, ameupima mwenyewe. Na ameona jambo ambalo mwenzake wa London hataliona nyumbani kwao, kwa sababu kule kivuli cha adhuhuri hakigeuki upande, wala jua halifiki utosini hata siku moja.

Kama mwinamo unaihusu dunia nzima, mbona sisi hatuna majira manne?

Majira tunayo. Ila karibu na ikweta jua haliendi mbali, kwa hiyo joto halipishani sana kati ya mwezi na mwezi. Kinachopishana ni mvua na upepo.

Pale jua linapokuwa juu, ardhi na bahari vinapata joto, hewa inapanda ikiwa na unyevu, inapoa, na mvua inanyesha. Ukanda huu wa mvua unalifuata jua kaskazini na kusini, ukiwa nyuma yake kwa wiki kadhaa kwa kuwa bahari na nchi kavu huchukua muda kupata joto. Kila mwaka unapita juu ya ikweta mara mbili: ukielekea kaskazini unatuletea masika ya Machi hadi Mei, na ukirudi kusini unatuletea vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ndiyo maana pwani, Nairobi na kaskazini mwa Tanzania wana mvua mbili. Ukishuka Songea, Mbeya au Lubumbashi, zile safari mbili za ukanda zinakuwa karibu karibu mpaka zinaungana, na watu wa huko wana msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili.

Upepo nao ni mtoto wa mwinamo huohuo. Desemba hadi Machi bara la Asia limepoa, hewa yake nzito inashuka kuelekea kusini kunakochemka, na sisi tunaiita kaskazi. Katikati ya mwaka Asia inachemka, hewa inavutwa kutoka upande wetu, na hiyo ndiyo kusi. Majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalishuka Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa kaskazi na kurudi kwa kusi kwa karne nyingi. Manahodha walipanga biashara, madeni na hata ndoa zao kwa pepo hizo. Mimi naona hakuna mfano mzuri kuliko huu wa kumfundishia mtoto wa pwani kuhusu majira: mwinamo wa nyuzi 23.4 ndio uliowaleta wageni na kuwarudisha makwao.

Kipupwe cha Juni hadi Agosti pia hakijitokezi bure. Wakati huo jua liko mbali kaskazini, na kusi linaleta hewa iliyopoa. Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, majani huamka na sakitu, yaani umande ulioganda, asubuhi za miezi hiyo.

Mwendo wa dunia haubadiliki. Mbona mvua inachelewa au inapitiliza?

Mwendo wa dunia unapanga ratiba ya jua. Mvua inategemea pia hali ya bahari mwaka huo. Vuli ya 1997 ilifurika kwa sababu ya El Niño pamoja na joto lisilo la kawaida upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi. Vuli ya 2019 nayo ilifurika kwa sababu ya joto la bahari hiyohiyo. Miaka mingine upande wetu wa bahari unapoa na mvua zinakatika mapema. Mkulima anayepanda kwa tarehe peke yake anaweza kupata hasara. Afadhali asikilize utabiri wa msimu unaotolewa na mamlaka ya hali ya hewa kabla ya masika na kabla ya vuli.

Mchana na usiku kwetu ni sawa mwaka mzima?

Karibu sawa. Nairobi, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki dakika 10. Dar es Salaam ni kama dakika 47: saa 12 na nusu hivi mwezi Desemba, na saa 11 na dakika 43 hivi mwezi Juni. Muscat, Juni ni saa 13 na nusu, Desemba ni saa 10 na dakika 40 hivi. London wana zaidi ya saa 16 na nusu Juni, na hawafikishi nane Desemba. Tromsø, kaskazini mwa Norwei, jua halizami kabisa kuanzia katikati ya Mei hadi mwishoni mwa Julai.

Hesabu yetu ya saa ilizaliwa kwenye usawa huu. Tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, na saa kumi na mbili jioni linazama. Usiku tunaanza upya. Utaratibu huu unafanya kazi kwa sababu mawio yetu hayahamihami.

Funga ya Ramadhani pia inaonyesha tofauti hii. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Ilipoangukia Juni mwaka 2016, Waislamu wa London walifunga zaidi ya saa 18 kwa siku, wakati pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa saa 13 hivi kama kawaida. Mwaka 2030 mwezi huo utaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na aliyeko London atafuturu saa kumi jioni.

Mbona Nairobi Februari kunachelewa kupambazuka, na Novemba kunapambazuka mapema?

Umeona sawasawa. Mwanzoni mwa Novemba jua linachomoza Nairobi saa 12 na dakika 11 hivi asubuhi. Katikati ya Februari linachelewa mpaka saa 12 na dakika 40 hivi. Urefu wa mchana haujabadilika, bali mchana mzima umesogezwa. Sababu ni mbili: dunia haina kasi ileile mwaka mzima, inakwenda mbio zaidi Januari ikiwa karibu na jua, na mwinamo wa mhimili unafanya jua lionekane kusogea kuelekea mashariki kati ya nyota kwa hatua zisizolingana. Saa ya mkononi haijui hayo, kwa hiyo Novemba jua linaitangulia kwa dakika 16 hivi, na Februari linabaki nyuma kwa dakika 14. Nchi za mbali na ikweta wana jambo hilihili, ila kwao linamezwa na kurefuka na kufupika kwa mchana.

Yale maji ya beseni wanayoonyeshwa watalii kwenye ikweta, Nanyuki nchini Kenya na Kayabwe nchini Uganda, yanageuka kweli kwa sababu ya ikweta?

Hapana. Mwonyeshaji anakwenda hatua chache kaskazini, maji yanazunguka upande mmoja. Anakwenda hatua chache kusini, yanazunguka upande mwingine. Mzunguko wa dunia kweli unapinda mwendo wa vitu, na ndio unaozungusha vimbunga vikubwa kwa upande mmoja kaskazini na mwingine kusini. Lakini kwenye beseni, tena hatua chache tu kutoka ikweta, nguvu hiyo ni ndogo mno. Kinachoamua ni jinsi maji yalivyomiminwa na beseni lilivyogeuzwa. Watoto wanaopelekwa pale na shule waambiwe ukweli huo.

Kwa nini mwaka mrefu una siku 366?

Dunia inalizunguka jua kwa siku 365.2422. Kile kipande cha robo kinakusanywa na kulipwa Februari 29 kila baada ya miaka minne. Kwa kuwa robo haijatimia, miaka ya karne isiyogawanyika kwa 400 haiongezwi siku: 1900 haikuwa mwaka mrefu, 2000 ulikuwa, na 2100 hautakuwa.

Pwani tulikuwa na mwaka wetu wa jua, unaoanza kwa Nairuzi, wa siku 365, uliohesabiwa kwa makumi, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Wavuvi na wakulima walijua kumi lipi ni la kupanda na lipi ni la kukaa mbali na bahari. Makunduchi, Unguja, bado wanasherehekea mwanzo wake kila Julai kwa Mwaka Kogwa.

Nawezaje kumwonyesha mtoto mambo haya nyumbani?

Chomeka kijiti katikati ya chungwa, kipite upande wa pili. Chora mstari wa ikweta kwa kalamu ya wino, na nukta mbili: moja karibu na ikweta kwa ajili yenu, nyingine juu zaidi kwa ajili ya London. Weka taa au mshumaa katikati ya meza, zima taa nyingine. Inamisha kijiti kidogo kisha uzunguke meza, na hapa ndipo wengi wanapokosea: kijiti kielekee ukuta uleule wakati wote, usikigeuze kadiri unavyozunguka. Simama sehemu nne, kila mahali ulizungushe chungwa mara moja taratibu. Mtoto ahesabu ni sehemu gani nukta ya London inakaa gizani muda mrefu, na kama nukta yenu inabadilika sana. Akishajibu, mpeni kijiti cha mita moja atoke nacho uwanjani adhuhuri.